Kwetu Hakuna Ugonjwa Huo

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko kwenye mbao na misumari. Natumaini mgongo umekuachia, na mapaa ya hayo madarasa yanapanda bila kukuletea balaa. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mama anatembea vizuri, goti humsumbua asubuhi tu, na amenituma nikuulize kama unakula au unashindia chai kama kawaida yako. Mimi pia ni mzima, ingawa ukiniona utasema nimekonda, na hutakuwa umekosea.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimekupigia zaidi ya mara moja nikiwa na nia ya kusema, nikakusikia ukiniambia, "Haya, lete habari, mdogo wangu," nikaishia kukuuliza kama mvua zimeanza. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Naomba uisome ukiwa peke yako, na hata ikikuchoma, usiikunje kabla hujaimaliza.

Nianze na habari za kazini, maana huko ndiko mambo yalikoanzia. Ule mradi wetu hatimaye umezaa. Unakumbuka nilivyokueleza kwamba serikali ilitoa fedha za umma kwa sharti moja: chuo, hospitali na kiwanda vifanye kazi chini ya paa moja, asijifungie kila mmoja na lake. Tulitakiwa kutengeneza kijikaratasi cha kupima selimundu kwa tone la damu, mtoto akiwa bado mchanga, hata kwenye zahanati isiyo na umeme. Kusema ni rahisi. Mwanzoni ilikuwa kama kufunga paka, mbwa na mbuzi kwenye kamba moja na kuwaambia waende sokoni.

Profesa wetu tumembandika jina la Bado Kidogo, kwa sababu ukimuuliza kama majibu yako tayari, hana neno jingine. Mhandisi wa kiwandani tunamwita Leo Leo. Huyu anataka kila kitu kitoke leo leo, na yule hajaridhika hata na cha mwaka juzi. Katikati yao yupo daktari wa watoto, mwanamke wa sauti ndogo, ambaye huwaacha wagombane mpaka wachoke, kisha huwauliza taratibu, "Na mtoto atapimwa lini?" Basi wote wawili huinamisha vichwa kama wanafunzi waliokutwa na utoro.

Shida yetu kubwa ilikuwa joto. Maabarani kwetu kuna kiyoyozi, na vijikaratasi vilikuwa vinasomeka vizuri, mistari imenyooka. Vikipelekwa zahanati vinavimba, mistari inatawanyika kama wino uliomwagiwa maji. Bado Kidogo akasema kosa ni gundi ya kiwanda. Leo Leo akasema kosa ni dawa ya chuo. Ilifika mahali hata salamu wanapitishia kwangu. Mwisho daktari aliagiza meza ya kazi ihamishiwe stoo ya nyuma, ile ya mabati, na wao wawili wakakaa humo mashati yamewaganda mgongoni, mpaka wakagundua pamoja kwamba pakiti zenyewe zilikuwa zinapitisha unyevu. Kiwanda kikabadilisha pakiti, chuo kikabadilisha namna ya kukausha, na siku kipimo kiliposomeka sawasawa ndani ya lile joto, nilimwona Bado Kidogo akimkumbatia Leo Leo na wote wawili wakinuka jasho. Nilijivuna, kaka. Nilijiona nami nimo katika jambo la maana.

Baada ya hapo tukafanya siku ya wazi. Wakubwa walisema fedha ni za wananchi, kwa hiyo wananchi waje waone zimefanya nini. Viti vilipangwa uani, wazazi wakaja na watoto wao, na mimi nikapewa kazi ya kueleza jinsi ugonjwa unavyorithiwa, kwa kuwa nasifiwa kwamba najua kuongea na watu. Nilichukua vikombe viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama, nikatia gololi nyeupe na nyekundu katika kila kikombe. Nikaeleza kwamba mtoto huokota gololi moja kwa baba na moja kwa mama. Akiokota nyekundu moja, haumwi, ila naye anaibeba. Akiokota nyekundu pande zote mbili, hapo ndipo chembe zake za damu hujipinda kama mundu, na maumivu huanza.

Baba mmoja wa mbele akauliza, "Kwa hiyo mama peke yake hawezi kumletea mtoto ugonjwa huu?"

Nikamjibu kwa sauti ya kujiamini, "Hawezi. Anayemlaumu mama peke yake anamwonea."

Watu wakapiga makofi. Wakati makofi yanaisha, sauti ikatoka viti vya nyuma: "Mtaalamu, naomba kuuliza."

Nilimjua kabla sijainua macho. Alikuwa wifi, mkeo, binti yenu akiwa mapajani pake na soksi zake zile nzito. Kumbe huleta mtoto kliniki kwa yule yule daktari wetu, akitoka kwao mbali kote kule. Hakuniita wifi wala hakunitaja. Alisimama wima, akauliza kwa adabu, "Hayo uliyotufundisha leo, wewe uliyajua lini?"

Nilimshukuru kwa swali zuri, nikasema tutalijibu mwishoni. Akakaa. Angeweza kunivua nguo mbele ya uwanja mzima, na neno moja tu lingemtosha, lakini alikaa, akamfunga mtoto kamba ya kiatu. Na mwishoni nilijifanya nina kazi ya kukusanya gololi.

Sasa nakujibu wewe lile swali lake.

Wewe unakumbuka kikao cha nyumbani kuliko mimi. Wifi alirudi kutoka hospitali akasema ameambiwa ugonjwa wa mtoto unatoka kwa wazazi wote wawili. Shangazi yetu mkubwa akapiga kofi la mshangao, akasema kwetu hakuna ugonjwa huo, hajawahi kuuona tangu azaliwe, na kama lazima utoke pande mbili, basi mwanamke huyu atafute huo upande wa pili alikoupata. Chumba kizima kilielewa alichomaanisha. Wewe hukumjibu shangazi. Ulinigeukia mimi. Ulisema, "Wewe ndiye unayeshinda na damu za watu. Tuambie."

Nami nikasema, "Utafiti bado unaendelea."

Maneno hayo ni ya kweli, maana utafiti huwa hauishi. Ndiyo maana niliyachagua. Nilijificha nyuma yake kama mwizi nyuma ya pazia. Ukatazama sakafu, wifi akanitazama mimi, na kabla ya jua kuzama alikuwa amebeba mtoto na furushi lake.

Ukweli ni huu. Wiki chache kabla ya kikao hicho tulikuwa tunatafuta damu za kujaribia kipimo, na sisi wafanyakazi tukajitolea vidole. Tone langu lilitoa mistari miwili, ule wa damu nzuri na ule wa selimundu. Daktari aliniita pembeni, akafunga mlango, akaniambia si ugonjwa, mimi ni mbebaji tu, nisiogope. Kisha akaniagiza jambo moja: niwaambie ndugu zangu wa tumbo moja, kwa sababu na wao huenda wanaibeba. Nilimwambia nitawaambia. Kwa hiyo siku uliponigeukia na kusema "tuambie", jibu lilikuwa mwilini mwangu. Nilijua kwetu upo. Nilijua mkeo anasingiziwa. Niliuma maneno.

Utaniuliza kwa nini, na sababu yenyewe ni ya aibu kuliko kosa. Niliogopa habari zisimfikie mchumba wangu na watu wake. Niliona jinsi wifi alivyokuwa anatazamwa mle chumbani, nikasema moyoni, afadhali yeye, yeye ameshazaa, mimi bado sijaolewa. Nimeandika sentensi hiyo, nikainuka, nikazunguka chumba, nikarudi kuisoma. Bado ndiyo hiyo hiyo.

Siku ile ya wazi watu walipotawanyika, nilimkimbilia wifi bombani, alikokuwa anamnywesha mtoto dawa. Nilimwambia yote, machozi yakinitoka. Hakuyafuta wala hakunifokea. Alimalizia dawa ya mtoto, akafunga chupa, akasema, "Radhi unayoniomba nimeisikia. Lakini mimi sikuvunjiwa heshima bombani. Nilivunjiwa mbele ya watu. Jina langu nirudishiwe pale pale lilipochukuliwa."

Nilianza na mchumba wangu, maana sikutaka ayasikie barabarani. Aliuliza kama na yeye anaweza kupimwa. Amepimwa, hana. Hilo halikunipa furaha niliyotarajia. Nilichofikiri ni kwamba wifi aliondolewa nyumbani kwa sababu ya hofu ambayo ingeisha kwa kuuliza swali moja.

Jumapili iliyopita nikawaita wote nyumbani, wale wale, sebuleni pale pale. Daktari alikubali kuja mwenyewe, kwa kuwa vipimo haviruhusiwi kuzagaa mikononi mwa watu. Wifi alikuja na kaka yake, akakaa karibu na mlango na mtoto. Nilisimama nikasema nililolijua na siku niliyolijua. Kisha nikatoa kidole, daktari akakichoma mbele yao, na kijikaratasi kikapitishwa mkono kwa mkono.

Shangazi alikishika kwa ncha za kucha, akasema mashine za siku hizi zinasema wanachotaka wenyewe. Ndipo mama akavuta kiti chake mbele na kunyoosha mkono. "Nipime na mimi," akasema.

Nilijaribu kumzuia. Akaniambia nikae.

Mistari miwili, kaka. Mama alikitazama kile kijikaratasi bila kushangaa, akasema, "Basi hiki ndicho kilichomuua Kitumbo wangu." Sikuwa nimemsikia akilitaja jina hilo tangu tulipomzika mdogo wetu. Wewe unamkumbuka kuliko mimi, macho yake ya manjano, tumbo limejaa upande mmoja, na usiku akilia miguu. Tuliambiwa ni homa. Mama alieleza kwamba miaka yote alishuku, na kila alipotaka kuuliza alinyamazishwa kwa neno lile lile, kwamba kwetu hakuna ugonjwa huo. Na siku wifi anaambiwa vile, yeye mama alijua, akanyamaza kama mimi. Daktari akaeleza kwa upole kwamba kama Kitumbo alikuwa na selimundu, basi na marehemu baba aliibeba. Shangazi alisikia ndugu yake akitajwa, akaanza kutazama viganja vyake mwenyewe.

Mama aliinuka na goti lake bovu, akavuka sebule, akapiga magoti mbele ya wifi. Wifi alimwinua haraka, wakashikana, na hapo mimi nilitoka nje kwa sababu sikustahili kuwepo.

Nilidhani baada ya hapo angebaki. Mama aliandaa hadi kitanda. Wifi alishukuru, akasema amepata alichokijia, akambeba mtoto, wakaondoka na kaka yake. Nilimuuliza mlangoni kama ana salamu za kukutumia. Akasema mwenye salamu zake anajua njia ya kwao.

Kaka, sikuombi umrudishe, sina mdomo wa kukuomba hilo. Wala sikutwishi mzigo wangu, uliegemea neno langu nami nikakupa neno bovu. Lakini mwanao anaumwa, na ana miaka mingi mbele yake akitunzwa. Daktari amesema baba yake aje apimwe na akae kwenye mafunzo ya wazazi. Binti mwenyewe hajambo kwa sasa. Ameongezeka kimo, na ameniuliza kama wewe bado unamtengenezea kile kigari cha mbao. Nimemwambia nitakuuliza.

Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie mpaka umalize, mimi sina pa kwenda. Ukitaka kunijibu, nijibu. Usipojibu, nenda kwao hata hivyo.

Mama anakusalimu sana, na kaka yake wifi amesema mlango wao haufungwi kwa komeo. Uwape salamu mafundi wenzako, uangalie ngazi hizo zenu mbovu, na Mungu akulinde.

Ni mimi mdogo wako, ambaye nilitakiwa kusema.