Ndege Uliosema Hawapo

Kaka yangu,

Huku hatujambo. Goti la Mama limepata nafuu, na paka amezaa kabatini.

Jumanne nilisoma ripoti yako kwenye ubao wa matangazo. Umeandika kwamba madimbwi ya pwani hayana ndege, kwa hiyo yafukiwe, yajengwe maghala. Ulihesabu lini? Mlinzi wa madimbwi ameniambia gari lako lilisimama getini dakika tano, nawe hukushuka. Huoni haya?

Jana asubuhi nilimpeleka Mama huko madimbwini, yeye aliyetufundisha kuwatambua wale ndege wageni wanaohamia kila mwaka kwa midomo yao. Ndio kwanza wametua, wamekonda, wanadonoa tope kwa pupa. Alishika darubini akahesabu mia nne na kumi na sita. Kisha akaketi chini.

"Hawa wametoka upande wa pili wa dunia," alisema, "na mwanangu ameshindwa kushuka garini?"

Leo tumepeleka pingamizi dhidi ya ripoti yako, lenye hesabu yake. Nilimuuliza kama tukusubiri kwanza ujieleze. Akaomba kalamu, akatia sahihi.

"Sina cha kumsubiri," alisema. "Nimeshaisoma kazi yake."

Ni mimi dada yako, ninayeona aibu kwa niaba yako.