Jeli ya Jamhuri

Madogo,
Jumatano, 20 Novemba 2024

Kwa Mama mpenzi,

Asalaam aleikum. Najua hiyo hutaitikia, basi shikamoo, Mama. Natumai barua hii itakukuta mzima na lile goti la kushoto limetulia. Mimi na mume wangu Nuhu tu wazima, ila joto la huku linatukaanga. Enos amefunga chuo? Nisalimie huyo kaka yangu mvivu.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, huu mwaka wa tatu tangu niolewe. Barua huwezi kuikata. Ukitaka kuichana, ichane, lakini isome kwanza.

Kikundi cha akina mama cha hapa kimeombwa kutengeneza vitu vitamu vya watoto kwa sikukuu ya Jamhuri. Shule zote za karibu zitakutana uwanjani. Tanuri hatuna, na kukaanga kaimati za watoto mia tatu hakuna anayetaka. Wenzangu wakawa wanakuna vichwa. Mimi nikafungua mdomo, nikasema mama yangu hutengeneza jeli yenye rangi za bendera, haiokwi wala haikaangwi. Wote wakageuka. Mwenyekiti ni mama mkwe wangu, Bi Mashavu. Akasema, "Haya. Tutaona."

Mama, hiyo "tutaona" nakwambia imeninyima usingizi. Katika nyumba hii hakuna aliyenitukana hata siku moja. Lakini Bi Mashavu hali chakula nilichopika. Mara ana saumu, mara ameshiba, halafu namkuta anajikorogea uji wake. Na asichokula yeye, wake za shemeji zangu hawakigusi. Nuhu peke yake ndiye anayekula, tena anasifu kupita kiasi. Nilisilimu kwa moyo wangu, naswali nao, nafunga nao, lakini kwenye sahani bado mimi ni mgeni. Jeli hii ikiharibika mbele ya watu, nitabaki mgeni mpaka nife.

Nakuomba unieleze tena inavyotengenezwa, na unitumie ule unga wa kugandishia. Bilal wa lori la maembe hupanda huku kila Jumatano na Jumamosi, na hushuka kesho yake. Mpe yeye.

Mwanao,
Swaleha


Minjila,
Ijumaa, 22 Novemba 2024

Valary,

Bwana asifiwe. Hiyo ndiyo salamu yangu, na Valary ndilo jina nililokupa mimi, huyo Swaleha simjui. Goti liko vile vile. Mpunga umekubali mwaka huu. Enos amefunga chuo na analala mpaka saa nne kama mtoto wa gavana.

Barua yako nilitaka kuichana kweli. Enos akanikuta nimeishika hivi, akasema, "Isome basi, Mama, halafu uichane." Nimeisoma. Ipo chini ya mto.

Kwa hiyo mama unamkumbuka ukiwa na shida. Na huyo Bi Mashavu ni nani hata asile mkono wa mwanangu? Mimi nimepika hosteli miaka kumi na tisa hapo Garsen. Wachungaji na wazungu wao wamelamba sahani zangu. Mwambie hivyo. Au usimwambie, utaharibu zaidi.

Sikiliza sasa. Unga unauloweka kwanza kwenye maji baridi mpaka uvimbe, ndipo unamimina ya moto. Usiuchemshe, utakufa. Anza na kijani chini, kiache kigande kabisa. Halafu tui zito la nazi, jembamba tu kama kucha, hiyo ndiyo nyeupe. Halafu nyekundu, halafu tui tena. Juu weka nyeusi, ya maji ya zambarau, maana rangi nyeusi ya dukani inapaka watoto meno. Ukikosa subira rangi zitaingiliana, na hiyo haitakuwa bendera, itakuwa tope. Kila kipande kitie nusu ya tende katikati, ndiyo ngao, na vijiti viwili vya nazi vikikatiza, ndiyo mikuki. Nilikufundisha ukiwa na miaka minane, usijifanye umesahau.

Yale makopo waliyoniachia wageni wa hosteli yamebaki mawili. Moja nakutumia, moja nabaki nalo.

Usiniaibishe.

Mamako


Madogo,
Jumatano, 4 Desemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Kopo limefika. Sisi tu wazima, na leo nina furaha.

Jana nilijaribu bakuli moja dogo. Friji ni ya dukani kwa Abdiaziz, amenipangia pembeni ya soda. Rangi zimesimama, Mama! Kila moja mahali pake. Nikakata vipande, nikapamba kwa tende na nazi, nikaviweka mezani, nikajifanya nafagia.

Bi Mashavu akaja. Akakigeuza kipande, akakinusa, akanitazama. Akala. Mama, akala! Halafu akachukua cha pili. Alipoondoka aliniambia nisiwape wanawe wengine mpaka amwekee mumewe. Mchana huo alikaa na sisi kwenye mkeka akala na wali wangu. Wale wake za shemeji zangu walikodoa macho, halafu na wao wakanyoosha mikono.

Nuhu anasema sijacheka hivi tangu harusi. Jumatano ijayo nitagandisha masinia yote, na Alhamisi ndiyo sikukuu. Ahsante, Mama. Sijui nikulipe nini.

Mwanao,
Swaleha


Minjila,
Ijumaa, 6 Desemba 2024

Valary,

Sina nafasi ya salamu. Usiutumie ule unga.

Enos leo alilichukua hili kopo langu la pili, akayapiga picha maandishi yake kwa simu. Si Kiingereza, ni lugha ya kwao wale wageni. Simu ikayageuza. Unga huo unatengenezwa kwa ngozi ya nguruwe. Nimemwambia arudie mara tatu, imetoka hivyo hivyo.

Miaka yote nilipika nao na sikujua. Kwetu hatuulizi. Umwage wote, na masinia yaoshe. Wale Waswahili wa Lamu wana majani yao ya kugandishia, yanatoka baharini, ulizia hayo. Au tengeneza kitu kingine.

Kwa yule aliyekwisha kula, sijui nikwambie nini.

Mamako


Madogo,
Jumapili, 15 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima.

Barua yako ilinifikia Jumatano alasiri. Nilikuwa nimesimama mbele ya friji ya Abdiaziz, na masinia kumi na mawili yamekwisha ganda. Nilikuwa nimebakisha tende tu. Niliisoma pale pale. Abdiaziz akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana.

Sikufichi, Mama, nilifikiria kunyamaza. Kopo nilikuwa nimekwisha litupa na hakuna mtu yeyote angejua. Watoto wangekula, wangefurahi, na kesho yake Bi Mashavu angekaa tena mkekani kwangu. Nilisimama na mawazo hayo mpaka adhana. Halafu nikawafikiria wale watoto, mia tatu, wazazi wao wameniamini. Na mimi mwenyewe je, ningeswali na nini moyoni?

Nikaenda nikamwambia. Nilimsomea barua yako neno kwa neno. Hakupiga kelele. Alikwenda kusukutua, akarudi, akasukutua tena. Maalimu akaulizwa, akasema aliyekula bila kujua hana dhambi. Bi Mashavu akasema, "Nimesikia," lakini uso wake ulikuwa umefungwa. Masinia tuliyamwaga shimoni mimi na yeye, hatukumwita mtu.

Alhamisi alfajiri aliwaamsha akina mama wote. Aliwaambia jeli haikuganda. Basi. Alinifichia, Mama, na sikujua kama ni huruma au ni aibu yake mwenyewe. Abdiaziz akafungua duka mapema, tukachukua biskuti katoni nne na maziwa mazito ya kopo. Tulizitwanga kinuni, tukakanda, tukaviringisha vidonge. Vingine tukavigaragaza kwenye nazi nyeupe, vingine kwenye nazi tuliyotia rangi nyekundu na kijani, na vyeusi tukavipaka kakao. Tukavipanga kwenye sinia mistari mistari mpaka bendera ikaonekana. Kufikia saa tatu tulikuwa tumemaliza. Watoto walivimaliza kabla hotuba ya kwanza haijaisha.

Watu walisifu. Lakini tangu siku hiyo Bi Mashavu hajala kwangu. Uji wake ameurudia. Mkekani haji, na wengine nao hawaji.

Hilo ningelivumilia. Kuna jingine linalonikaba. Barua yako imeandikwa Ijumaa. Jumamosi Bilal alipita hapa na ndoo ya maembe kutoka kwako, nikamuuliza barua, akasema umemwambia hakuna. Ilikuja Jumatano. Na namba yangu ya simu ni ile ile, Enos anayo. Sekunde kumi zingetosha. Bi Mashavu naye anajua kuhesabu siku. Aliniuliza swali moja tu, "Mamako alingoja nini?"

Ulingoja nini, Mama?

Swaleha


Minjila,
Jumanne, 17 Desemba 2024

Mwanangu,

Hujambo. Goti linauma, na ni haki yangu liume.

Nimeandika barua ya kusema nilisahau. Nimeichana. Nikaandika nyingine ya kumsingizia Bilal. Hiyo nayo nimeichana. Hii ndiyo ya kweli.

Enos aliponisomea kopo lile, mimi nilicheka. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikakaa chini. Yule mwanamke aliyenichukulia mtoto, anayekataa wali wa mwanangu, amekula nguruwe na akaongeza! Hilo ndilo lililonijia kwanza, Valary, kabla yako wewe.

Halafu nikaandika ile barua, kwa haraka kweli, kama ulivyoiona. Jumamosi Bilal alipopiga honi nilikuwa nayo ndani ya leso. Nikamkabidhi ndoo ya maembe. Aliponiuliza kama kuna barua nikasema hakuna. Sikupanga kusema hivyo, mdomo ulisema. Lakini jioni nilijua kwa nini. Nilijiambia, jeli italiwa, itajulikana, watamfukuza, na atarudi nyumbani. Nikatandika kitanda chako. Ndiyo. Nilitoa shuka mpya nikatandika, mama yako mzazi, mshirika wa kanisa, siku nne nikilala chumba cha pili nikisubiri uje na sanduku unalia.

Enos aliniuliza kama nimekupigia. Nikamdanganya kuwa nimepiga.

Jumanne nilipita kwenye kile chumba na ufagio. Nikakitazama kitanda. Nikaona kwamba ningepata mtu wa kulalia humo, lakini asingekuwa wewe niliyekulea. Angekuwa mtu aliyeaibishwa mbele ya watoto wa watu na mamake mwenyewe. Jumatano nilimngoja Bilal barabarani tangu asubuhi. Simu niliiogopa, maana ungesikia sauti yangu ungejua.

Sikuombi unisamehe leo. Nakukosa mno, Valary, nimekukosa mpaka nimekuwa mbaya. Msomee Bi Mashavu barua hii. Asikuhukumu wewe kwa siku zangu nne. Akitaka nije nisimame mbele yake nimwambie kwa mdomo wangu, nitakuja. Akitaka nisikanyage Madogo maisha, sitakanyaga.

Mamako


Madogo,
Jumatano, 18 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima, Alhamdulillahi.

Bilal kaniletea barua adhuhuri. Niliisoma nikaitupa chini. Nikaiokota. Nimelia, na nimekukasirikia kuliko siku uliyokataa kuja harusini. Kitanda, Mama! Ulitandika na shuka mpya!

Sikutaka kumsomea Bi Mashavu. Niliona nitakuvua nguo mbele ya mtu. Lakini aliniona macho, akaketi kwenye mkeka wangu, akasema, "Soma. Usiruke hata mahali pamoja." Nikasoma yote. Nilipofika pale ulipocheka nikaishusha barua, akasema, "Endelea."

Nilipomaliza aliinamisha kichwa. Halafu akaanza kutikisika mabega. Nilidhani analia, kumbe anacheka, mtu ambaye sijawahi kumsikia akicheka miaka mitatu! Akajifuta macho kwa mtandio, akaniambia, "Siku uliyosema utatengeneza jeli, mimi nilimwomba Mungu isigande. Kila swala. Nilitaka uaibike, uchoke na sisi, urudi kwa mamako, na Nuhu aoe binti niliyemchagua. Nilipokula vile vipande viwili niliona haya, ndiyo maana nikala na wali." Akasema pia kwamba siku hizi hakuja mkekani kwa kuona haya vile vile, si kwa kunichukia.

Nilikaa pale katikati yenu, nyote wawili mmenifanyia hivyo, na sikujua nikasirike na yupi kwanza. Nikampakulia wali. Akala.

Anasema uje Jumamosi na lori la Bilal. Chakula usilete, atapika yeye. Nikamuuliza itakuwaje usipokuja kwa aibu.

Akasema, "Atakuja. Mimi ningekuja."

Mwanao, ambaye hasira hazijamwisha,
Swaleha