London Ndiyo Katikati

Silibwet, 8 Oktoba 1995

Kwa binti yangu Chelimo,

Pokea salamu zangu. Mimi bado napumua, na kaka yako Weldon siku hizi anachuma majani chai peke yake. Daktari wa Kericho amesema moyo wangu umechoka. Nilimuuliza kama naweza kupanda ndege nije Amerika nikuone. Akasema masaa kumi na nane yataniua, lakini nane au tisa anaweza kuniruhusu.

Siku ulipoondoka nilikataa kutoka nyumbani kukuaga. Nataka kukuomba msamaha nikikuangalia.

Baba yako

Minneapolis, 5 Novemba 1995

Baba mpendwa,

Habari ya nyumbani? Mimi ni mzima, ila baridi imeanza. Shule ya uuguzi hainipi likizo hadi Agosti. Nikitoka huku Ijumaa, Nairobi nitafika Jumapili, na Jumatatu natakiwa wodini. Lakini nimeuliza watu wa ndege. Nairobi hadi London ni maili elfu nne na mia mbili, masaa nane na nusu. Kwangu hadi London ni maili elfu nne, masaa nane. London ndiyo katikati yetu. Tukutane pale uwanjani, Jumamosi moja. Ndege yangu hufika saa tano asubuhi.

Hayo ya msamaha tutaongea tukionana.

Binti yako

Silibwet, 10 Januari 1996

Chelimo,

Hujambo mama? Viza nimepewa. Nitafika Jumamosi tarehe 2 Machi, saa kumi na mbili asubuhi, na kurudi ni saa mbili usiku huo huo, maana sina pa kulala. Tutakuwa na masaa tisa. Nimenunua koti zito la mtumba pale Bomet.

Baba

Minneapolis, 4 Machi 1996

Baba,

Ulifika salama? Moyo je? Theluji ilifunga uwanja wetu Ijumaa usiku kucha. Niliomba wakutangazie huko London, wakasema wameita jina lako mara tatu. Nilitua saa nne usiku. Mama mmoja anayefagia aliniambia mzee mwenye koti refu alikaa pale kutwa, akisimama kila mlango ukifunguka. Akanionyesha kiti. Nilikaa hapo mpaka asubuhi.

Nilikusamehe zamani, Baba. Ilinipasa kuandika hivyo tangu Novemba.

Chelimo wako

Silibwet, 6 Machi 1996

Chelimo,

Natumaini u mzima. Nimerudi nyumbani. Kipaza sauti cha pale kilisema mengi kwa Kiingereza cha puani, sikushika neno. Nilingoja mpaka wakaja kuniambia ndege inafunga mlango.

Sikulaumu. Msamaha haulazimishwi. Sitakusumbua tena.

Baba

Silibwet, 27 Machi 1996

Dada,

Salamu, ingawa huku si kuzuri. Baba alituacha tarehe 17, tukamzika Alhamisi. Tangu arudi alikuwa hali chakula, haongei.

Barua uliyomwandikia imefika jana. Sikuifungua, jina ni lake. Nimeitia ndani ya bahasha hii, nakurudishia.

Watu wanaendelea kuuliza kama alikuona huko. Nimewaambia hukwenda.

Kaka yako, Weldon