Kisiwa Kilichokuwa Kwenye Droo ya Magonjwa

Mpendwa Auma, mama watoto,

Nilikuficha kwamba kisiwa chenu nilikipata. Ulizikwa ukiamini maktaba za Nairobi hazina kitu, nami nikasimama kaburini kimya. Sasa daktari wa Hurlingham ameacha kuniambia nirudi lini, kwa hiyo nakuandikia.

Unakumbuka Jumanne zetu? Tulitoka Mutuini umande ungali kwenye migomba, wewe na fimbo yako, mimi na miwani yako mfukoni. Kwenye maktaba kubwa ya mjini kompyuta zilikuwa zimeletwa, lakini vitabu vya kale bado vilitafutwa kwa kadi, ndani ya droo za mbao. Ulianza na Historia, ukaenda Jiografia, ukaomba ramani. Ulitaka boma la nyanya yako, Auma wa kwanza, uliyerithi jina lake. Kisiwa kizima kilipanda mitumbwi kukimbia malale, ule ugonjwa wa usingizi, mama yako akiwa mtoto mgongoni mwa jamaa. Nyanya peke yake akakataa kuiacha nyumba yake. Ndivyo ulivyosimuliwa, na ndivyo ulivyoishi. Ukigoma jambo, ndugu zako walicheka: "Huyo ni Auma, hapandi mtumbwi."

Jumanne moja miguu ilikukatalia, nikaenda peke yangu. Njiani nililiwaza lile neno malale. Nilipofika nikavuta droo ambayo hatukuwahi kuigusa. Msichana wa maktaba akanihurumia.

"Mzee, hapo ni magonjwa. Historia ni ile ingine."

Nikamwambia najua. Sisi tulitafuta mahali, kumbe waliokiandika kisiwa chenu waliona ugonjwa tu. Ripoti ya daktari wa mkoloni ilikuwa na vyote: ghuba, kilima, boma la babu yako kwa jina lake, hata njia ya kuteremkia majini. Nilisoma mpaka mwisho, nikairudisha.

Nyumbani nilikukuta umeketi kitandani, kitambaa kichwani, unanisubiri.

"Leo tumepata?"

"Bado."

"Basi Jumanne tutaenda wote. Wewe huoni vizuri, mwalimu."

Ukainuka kupika chai. Siku nyingi hukuwa umeshika sufuria. Nikasema moyoni, nitamwambia akipona.

Mjukuu wetu amempa bintiye jina lako. Juzi mtoto alisukuma uji, na nyumba nzima ikasema, "Auma hapandi mtumbwi." Nilicheka nao, kisha nikageukia ukutani.

Nafika karibuni, na sitaki unipokee kabla hujalisikia hili. Ripoti ilisema waliopakiwa ni wazima peke yao. Mwanamke wa boma lenu alikuwa tayari na malale. Auma, nyanya yako hakukataa. Aliteremka hadi majini, mzigo wake kichwani, akaomba apande, na watu wa kwao wakamrudisha.

Mumeo