Pompe Yangu Inalala Chumbani kwa Baba Mkwe

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, kwa sababu Jumapili baada ya misa familia ya mume wangu itakaa kunihukumu juu ya pompe ya asma, ile ya kuvutia dawa ya pumu, na mpaka sasa sijui nitajibu nini.

Mimi ni mwanamke mwenye watoto wawili, naishi mtaa wa Mangobo, nina asma tangu utoto, na daktari aliniandikia pompe mbili, moja ya bluu ya kuvuta kifua kikinibana na nyingine ya rangi ya kahawia ambayo aliniambia nivute kila asubuhi na kila jioni, lakini hiyo ya kahawia niliiacha, iko kwenye valisi ya nguo, maana ukiivuta haifungui kifua, unabaki vilevile, kwa hiyo ninayoitegemea ni ya bluu tu. Mwaka jana baba mkwe wangu, papa Hubert, alitoka Isangi kuja kuishi nasi baada ya mke wake kufariki. Ni mzee mpole, maisha yake yote alikuwa mvuvi na mkaushaji wa samaki kwa moshi, na alifika hapa akiwa na kikohozi na pumzi fupi, hawezi kutoka mlangoni hadi barabarani bila kusimama, siku hizi hata suruali zake anazifunga kwa kamba, na asubuhi wifi yangu Aurélie anaanika shuka lake limelowa jasho. Siku moja alibanwa sana, mume wangu Franck akachukua pompe yangu akampa, mzee akavuta, akapata nafuu, sote tukamshukuru Mungu, na tangu siku hiyo pompe yangu ikawa pompe ya nyumba.

Sasa mshauri, wewe unajua desturi yetu sisi watu wa mto. Mwanamke na bokilo wake, yaani baba wa mume wake, hawanywei kikombe kimoja, hawali sahani moja, mimi siketi kwenye kiti chake wala siingii chumba anacholala, hata kufagia humo anafagia Aurélie. Na pompe ni kitu cha kuweka mdomoni. Mara ya kwanza niliporudishiwa nilishindwa kuiweka kati ya midomo yangu, niliona ni kama kumvua mzee nguo, basi nikatafuta kitambaa safi nikafunika pale pa kuwekea mdomo na kuvuta juu ya kitambaa. Yeye naye, maskini, nadhani aliona aibu ileile, maana siku chache baadaye nilimwona nje anavuta, amezungushia leso yake. Hatukusemeshana. Tumeishi hivyo mpaka leo, kila mtu na kitambaa chake, na pompe inaisha upesi, nabonyeza mara tatu, mara nne, napata nafuu kidogo tu, nikawa nafikiri labda dawa zinazoletwa hapa hazina nguvu.

Mwezi huu mambo yakaharibika. Nilikuwa napika pondu, majani ya muhogo, mvua ilinyesha kwa hiyo niliingiza mbabula, jiko letu la makaa, ndani, makaa yalikuwa na unyevu, moshi ukajaa na kifua kikafunga. Pompe ilikuwa chumbani kwa papa, na yeye alikuwa ametoka kwenda kwa jirani. Mlango wake ni pazia tu. Mshauri, nilifika kwenye pazia, nikalishika, nikaiona pompe juu ya meza kando ya kitanda chake, na mguu wangu ukakataa kuvuka. Nilisimama pale nikitafuta sauti ya kumwita Aurélie, sauti haikutoka, nikaanguka magoti, na yeye ndiye aliyenikuta, akaniruka akaingia akaileta, nikavuta, tena na kitambaa kilekile, haikusaidia kitu, wakaniweka kwenye pikipiki kati ya dereva na Aurélie mpaka kituo cha afya, na kule wakanivutisha dawa kwa mashine hadi nikarudi kuwa mtu.

Niliporudi nyumbani niliificha pompe ndani ya blauzi. Haikupita wiki papa akabanwa, na Aurélie akasimama mlangoni kwangu.

— Lete pompe.

— Aurélie, ile dawa docteur aliandika jina yangu.

— Jina! Papa anakosa pumuzi, na wewe unasoma jina? Ile pompe iko ya nyumba.

— Juzi nilitaka kufa. Uliniona na macho yako.

— Bon, ulikufa? Si uko hapa unabishana? Mutu mwenye kukosa pumuzi habishanake hivi.

Akapandisha sauti ili majirani wote wasikie:

— Mwanamuke mwenye kuficha dawa ya bokilo yake, sisi tunajua jina yake!

Na mimi nalijua hilo jina. Ni ndoki, mchawi. Nilitoa pompe nikampa.

Nilimweleza Franck, ambaye anabeba mizigo kule uwanja wa ndege wa Bangboka na anarudi amechoka, akaniambia: « Umupe tu papa, chérie. Iko papa yangu, nitamuambia nini? Alors, wewe utafanya nguvu. » Nguvu ya kufanya nini, mshauri, ya kukaa bila kupumua?

Aurélie anataka Jumapili niombe msamaha mbele ya familia, na pompe iwe ya papa kabisa, ikae chumbani kwake. Nikikubali, nitakufa pale kwenye pazia siku ambayo Aurélie hayupo. Nikikataa na mzee akafariki, nitaitwa ndoki mpaka mwisho wangu, na watoto wangu wataitwa watoto wa ndoki. Nimpe, au nikatae?

Delphine, Mangobo (majina yote nimebadilisha)

MSHAURI ANAJIBU

Dada Delphine,

Pole. Umebanwa kifuani na umebanwa nyumbani, na vyote viwili ni vya kweli. Lakini nianze na jambo ambalo barua yako inalipita haraka: ile siku ya mvua ulikuwa unakufa. Mtu aliyepiga magoti bila sauti ya kuita hana muda mwingi uliobaki. Aurélie angekuwa sokoni, leo tungekuwa tunasoma tangazo la msiba.

Kabla ya kukujibu nilimsomea barua yako daktari mmoja wa hapa mjini anayetibu magonjwa ya kifua, bila kutaja mtaa. Alinisimamisha mara tatu.

Kwanza kwenye kitambaa. Dawa ya pompe inatoka kama ukungu mwembamba, na nguo inaushika ukungu huo kabla haujafika kooni. Kwa miezi yote hii mmekuwa mnatibu leso. Dawa haikukosa nguvu; haikuwafikia. Ndiyo maana unabonyeza mara nne, ndiyo maana inaisha upesi, na ndiyo maana siku uliyoihitaji kweli haikufanya kitu.

Pompe ya bluu inatumiwa hivi. Itikise vizuri. Toa pumzi yote nje. Weka mdomo wa pompe kati ya meno, funga midomo kabisa, anza kuvuta hewa polepole na papo hapo bonyeza mara moja, endelea kuvuta mpaka kifua kijae, kisha shikilia pumzi kadiri unavyoweza, ukifika sekunde kumi ni vizuri. Subiri kidogo kabla ya kurudia. Kama mkono na pumzi havipatani, mwombe muuguzi akutengenezee au akuonyeshe chombo cha kupitishia dawa. Hata chupa ya plastiki iliyotobolewa vizuri inafaa, na pale kituoni wanajua kuitengeneza. Ile plastiki ioshwe kwa maji ya vuguvugu mara moja kwa wiki, baada ya kutoa kikopo cha chuma, na ikauke yenyewe.

Mara ya pili alinisimamisha kwenye valisi. Hapa nitakugombeza, kwa sababu hili si kosa la Aurélie wala la desturi. Pompe ya kahawia haifungui kifua siku hiyohiyo, hilo ni kweli, haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kazi yake ni kutuliza uvimbe ndani ya njia za hewa, siku baada ya siku, ili kifua kisifunge. Hutaisikia ikifanya kazi. Utakachoona ni wiki zinapita bila kuitafuta ya bluu. Uliiacha bila kumwuliza aliyekuandikia, na ukabaki unakimbilia ya bluu kila mara. Rudi kwake wiki hii, mwambie ukweli wote, pamoja na kitambaa. Atakapokurudisha kwenye ya kahawia, vuta kila siku hata ukijisikia mzima, na kila ukimaliza sukutua mdomo kwa maji na uteme. Na mbabula ibaki nje. Mvua ikinyesha, mtakula ikishaacha.

Mara ya tatu alinisimamisha kwenye suruali ya mzee. Aliniuliza: « Huyu papa alipimwa lini? » Nikarudi kwenye barua yako, nikaisoma tena kutoka juu hadi chini. Sikukuta mahali.

Kikohozi kisichoisha, mwili unaokonda, shuka linalolowa jasho. Sijui papa Hubert anaumwa nini. Wewe pia hujui, Franck hajui, Aurélie hajui. Inawezekana ni mapafu yaliyoharibiwa na moshi wa samaki wa miaka mingi, na ugonjwa huo una matibabu yake na pompe zake, ambazo daktari anampimia yeye. Inawezekana ni kifua kikuu, na hicho pompe yako haikigusi kabisa. Kifua kikuu kinapimwa kwa makohozi, na katika vituo vya serikali kipimo na dawa havilipishwi. Kikionekana, watoto wako na wote wanaolala katika nyumba hiyo watapimwa pia, kwa sababu kinasafiri kwa hewa anapokohoa. Msimtenge, msimtolee maneno. Fungueni madirisha, afunike mdomo akikohoa, na apelekwe. Mmempa dawa ya mtu mwingine, mkaona amepata nafuu kidogo, mkaacha kumwuliza anaumwa nini.

Sasa nizungumze na Franck, maana najua ataisoma hii au atasomewa. Franck, umemwambia mke wako afanye nguvu. Desturi ileile inayomkataza kuzungumza na baba yako juu ya jambo la mdomo na la chumba ndiyo iliyokupa wewe kazi ya kuzungumza. Huwezi kuishika nusu moja na kuiacha nusu nyingine. Mke wako hana ruhusa ya kumwambia mzee, wewe unayo, na umenyamaza. Baba yako ni mtu wa heshima: alijizungushia leso ili asimwaibishe mke wako. Mtu wa namna hiyo akielezwa ataelewa. Tatizo ni kwamba hajaelezwa.

Aurélie si adui yako, Delphine. Alikuruka akaingia, akaketi nyuma yako kwenye pikipiki akakushika. Lakini neno alilolitupa mbele ya majirani si la mchezo. Katika mji huu watu wamefukuzwa nyumbani kwa neno hilo, na watoto pia. Alilisema kwa sauti, basi alifute kwa sauti, mbele ya waliolisikia.

Jumapili usiombe msamaha kwa kushika dawa iliyoandikwa jina lako. Franck ndiye asimame, aseme kwamba pompe ile ni ya mgonjwa mmoja, kwamba baba atapata daktari wake na dawa yake, na kwamba yeye mwenyewe atampeleka. Franck akinyamaza tena, sema wewe, ukimwelekea Aurélie kama mnavyofanya siku zote mnapotaka mzee asikie bila kumsemesha. Sema kwa ufupi, usilie, usielezee utoto wako.

Utaniuliza: na kabla ya kufika huko, mzee akibanwa? Hakuna daktari atakayekwambia umwangalie mtu akikosa hewa. Kama hakuna kingine, apewe pompe, bila leso, na pikipiki iitwe papo hapo. Mtu huyo anakwenda kituoni hata akipata nafuu njiani. Pompe ikirudi, ioshwe, na ikae mwilini mwako, mfukoni au kwenye pochi ya shingoni, unapopika na unapolala. Kifua kikikufunga wewe, keti wima, usilale, vuta mara moja, pumua, vuta tena, mpaka mara kumi kama haifunguki, huku wanakupeleka. Ukishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikibadilika rangi, hakuna kusubiri mtu yeyote arudi kutoka popote. Na kama kwa bahati mbaya pompe iko chumba cha mwingine, unaingia. Siku pumzi inapokatika hakuna bokilo. Mzee mwenyewe angekuambia hivyo, kama mngekuwa mnasemeshana.

Jumatatu asubuhi papa Hubert awe kituo cha afya, na Franck awe kando yake, amueleze daktari kikohozi, jasho, kukonda na moshi wa Isangi. Franck akisema ana zamu, ajue kwamba mizigo ya Bangboka ina wabebaji wengine. Papa Hubert hana.