Kidari Chako Sikukila, Koko

Koko,

Shikamoo. Nakuambia wewe peke yako, bibi yangu: nyama bado naipenda. Nikipita Sakina jioni, wanapochoma mbuzi kando ya barabara ya Nairobi, nameza mate na kuongeza mwendo. Nyumbani nimewaambia inanichefua. Si kweli. Nimeiacha huku naitaka, na wakijua hivyo watanishinda.

Niliacha wiki ile tuliyokuzika. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi ila kukaa na kukumbuka kidole chako cha mguu. Kilivimba, kikang'aa, hata shuka likikigusa ulilia. Mimi ndiye niliyekupeleka kliniki kule Usa River. Daktari akasema nyama nyekundu na supu ya mifupa zipungue, kwa ajili ya gauti na kwa ajili ya presha. Tuliporudi uliwaeleza wote. Walikusikiliza vizuri kabisa, kisha Jumapili wakachinja, kwa sababu Koko anaumwa na mgonjwa hapewi majani. Ukala. Ukaninong'oneza, "Ndivyo wanavyojua kunipenda."

Sisemi nyama ndiyo iliyokuua. Daktari hakusema hivyo. Lakini ilikuumiza, na tuliendelea kukupakulia.

Sasa nakula vile ulivyotamani kula wewe. Kiburu cha ndizi na maharage, makande, mboga ya mnafu iliyokaangwa na maziwa, parachichi za nyuma ya zizi. Tumbo langu lililokuwa linafunga sasa halinisumbui, nakuambia kwa kuwa wewe uliniuliza mambo hayo bila aibu. Nikipanda kutoka mtoni na ndoo sihemi kama zamani. Mama aliogopa nitaishiwa damu, akanipeleka kupima. Muuguzi akasema damu iko sawa, niendelee na maharage na mboga za kijani, nizikamulie ndimu. Mama alitoka pale amenuna kama mtu aliyeshindwa kesi.

Jumamosi tulijengea kaburi lako. Watu walijaa migombani hadi njiani. Baba mkubwa aligawa nyama ya mbuzi, kila mtu na fungu lake kama kawaida yetu, na kidari ni cha mama wa nyumba. Wewe hupo, na jina lako nimepewa mimi. Akasimama na sahani mbele ya watu wote akaniita. "Ndeshi, mama yangu, pokea chako ule, watu waanze." Siku hizi ananiita mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

Koko, unanijua. Darasani nilikuwa najua jibu na bado sinyooshi mkono. Lakini pale nilisimama. Nikasema, "Mimi sili nyama, baba mkubwa."

Kaka Elia akasema basi nifungwe kamba pale kwa mbuzi waliobaki, nitupiwe majani. Watu wakacheka. Baba mkubwa hakucheka.

"Unamkataa bibi yako mbele ya kaburi lake?"

Nililia, lakini nilisema huku nalia. Nilisema jina lako nimelipokea na nitalibeba mpaka nizeeke. Nilisema nyama ilikuwa inakuumiza, na kila mtu aliyekuwa akija kukuona alijua. Kama lazima nile ndipo watu waanze, basi niletewe kiburu.

Hakuna aliyeinuka. Nikaenda jikoni mwenyewe, nikapakua, nikarudi, nikala mbele yao nimesimama. Kilikuwa kimepoa. Nilikimaliza chote. Ndipo wakaanza kula.

Sasa wanasema shule imeniharibu. Shangazi anasema nani ataoa msichana asiyejua hata kuonja supu. Waseme. Wakinipa ile sahani tena nitaikataa tena, na safari hii sitalia.

Pumzika, Koko. Nakuahidi kwamba katika nyumba hii sufuria ya mboga haitakosa kuinjikwa, hata siku ya kuchinja. Mtu akiambiwa na daktari apunguze nyama, atakuta chakula kinamsubiri, na hatalazimika kuchagua kati ya mguu wake na watu wake.

Ila kuna jambo hili, usimwambie hata babu huko mliko. Watu walipoondoka, baba mkubwa alikuja jikoni anachechemea, kiatu kimoja kiko mkononi. Akauliza, akitazama pembeni, kama mnafu umebaki. Nilimpakulia mpaka sahani ikafurika. Alikula nyuma ya mlango, amekaa kwenye kigoda chako, akaomba aongezwe, kisha akaniomba nisimwambie mtu.

Sijamwambia mtu. Na wewe nyamaza.

Mjukuu wako na wajina wako,
Ndeshi