Nyota arobaini za pilipili

Songea, Jumanne 9 Agosti 2005

Kwa masikitiko makubwa najitangazia kwamba jibu langu kwenye jukwaa la intaneti limefichwa. Ndiyo desturi yao: jibu lenye nyota chache hukunjwa, na anayelitaka alibonyeze. Nani atalibonyeza?

Aliyeuliza ni Fidelis, yuko Dar, kwa niaba ya mama yake, jirani yangu hapa Matogoro. Dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi na kuyageuza unga, wameingia kwenye mahindi aliyoweka darini, bado yako kwenye magunzi. Nikaandika: pukuchua, anika, changanya na dawa. Mwingine akaandika: mwagia majivu na pilipili, dumuzi watapiga chafya mpaka Msumbiji. Watu wakacheka, wakampa nyota arobaini. Waliofuata hawakujadili tena, waliongeza nyota tu. Bwana shamba mmoja aliyeniunga mkono alilifuta jibu lake.

Leo asubuhi nikamwendea mama mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Pilipili haitasaidia. Yapukuchue."

"Marahaba, mwanangu. Fidelis kanipigia, kasema la pilipili lina nyota arobaini. La kwako je?"

"Moja," nikasema. Sikumweleza kwamba nilijipa mwenyewe.

"Haya, baba," akasema kwa upole, kama anayempa pole mfiwa.

Mahindi hayo ndiyo chakula chake mpaka mavuno yajayo. Nilitaka kubisha, lakini kubishana na watu arobaini ambao hata hawapo...

Jioni nimepita tena. Unga wa dumuzi unadondoka kutoka darini, umejaa kwenye sufuria zake.